Shusha dumu la petroli chini kabla halijajazwa

Kiangazi kimeingia, na kila anayemwagilia nyanya kwa pampu ya petroli sasa anatembea na madumu. Kwenye vituo vya mafuta, kuanzia Kayanga na Omurushaka mpaka Nkwenda, naona jambo moja: kijana anafika na bodaboda, dumu limefungwa nyuma, anajaziwa hapo hapo juu. Mwingine dumu lake liko kwenye pikapu, juu ya turubai. Hiyo ni hatari hata kama hakuna anayevuta sigara.

Sababu ni umeme tuli. Huku kwetu usiku wa baridi ukivua sweta la nailoni unasikia linatatarika, na gizani unaona vicheche. Petroli nayo ikipita kwenye mpira wa kujazia inabeba chaji. Dumu likikaa juu ya plastiki au mpira, chaji haina pa kwenda, inajikusanya. Bomba likisogea mdomoni mwa dumu, cheche inaruka, na hapo mdomoni ndipo mvuke ulipo. Mvuke wa petroli unawaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kiangazi hewa ni kavu, hivyo chaji inakaa zaidi.

Fanya hivi:

1. Shusha dumu, liweke ardhini au kwenye sakafu ya zege.
2. Gusa chuma kilicho mbali na mafuta, ndipo ufungue mfuniko.
3. Bomba liguse mdomo wa dumu muda wote. Jaza polepole, uache nafasi juu.
4. Tumia dumu la petroli, si la mafuta ya kula. La chuma ni imara, ila likiwa juu ya turubai ni hatari zaidi.
5. Usitie dizeli kwenye dumu lililokuwa na petroli. Mvuke bado umo.
6. Shambani zima pampu, iache ipoe, ndipo uongeze mafuta.

Moto ukishika kituoni, usichomoe bomba, maana utamwaga petroli inayowaka. Liache, rudi nyuma, mwite mhudumu azime mashine. Shambani tumia mchanga, si maji. Petroli huelea juu ya maji na kusambaza moto.

Kushusha dumu hakumalizi hata dakika moja. Wa bodaboda akisema anawahi, mwambie asubiri.