Mdogo wangu alivunjika mguu, mimi nikajua kuchora!

NIANZE kwa kukiri, msomaji wangu: mimi na kuchora tulikuwa paka na panya. Nilipokuwa darasa la tano mwalimu alituambia tuchore ng'ombe. Nikachora. Akalinyanyua daftari langu juu, darasa zima lione, akauliza: "Hii ni meza au kabati?" Watu wakacheka mpaka wa darasa la pili wakaja dirishani. Nikaweka penseli chini kwa miaka 14.

Leo nina madaftari manne makubwa yaliyojaa michoro, na majirani wananiita "msanii" bila kunikejeli. Sijasoma chuo, wala sijaenda kwa mganga. Kilichonifundisha ni mguu wa mdogo wangu, pamoja na mchezo mmoja wa Wamarekani unaochezwa mezani kwa mdomo na dadu. Tulia nikupe mkanda mzima.

Antena mguuni

Mdogo wangu alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, winga wa kulia ambaye mtaani kwetu hakuna beki aliyempenda. Jioni moja ya Machi alikuwa anarudi mazoezini na bodaboda. Kwenye kona gari likawachomekea. Dereva wa pikipiki akaamka na michubuko, lakini dogo mfupa wa muundi ulivunjika ukatokeza nje.

Hospitali wakamfunga vile vyuma ambavyo watu wa mjini tunaviita antena: fito za chuma nje ya ngozi, zimeshikiliwa na skrubu zilizozama mpaka kwenye mfupa. Daktari akasema hiyo ni safari ya miezi, siyo wiki.

Tukamtandikia sebuleni. Wiki ya kwanza washikaji walijaa kama kwenye harusi. Wiki ya pili wakawa wanne. Wiki ya nne akabaki mmoja, naye alikuwa anakuja kuchaji simu. Dogo akaanza kulala amegeukia ukutani. Mama analeta chai, hataki. Mechi kwenye TV, anasema zima. Usiku mmoja, taa zimeshazimwa, akaniuliza taratibu:

"Kaka, siku wakiamua kuukata huu mguu, mtaniambia kabla au mtanidanganya?"

Jamani! Sikuwa na jibu. Nikajifanya nimelala.

Kesho yake nikampigia binamu yetu anayesoma Minnesota, Marekani. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mchezesheni Dungeons & Dragons." Nikadhani mtandao umekatika.

Hadithi yenye dadu

Kwa wasioujua, mchezo huo ulitoka mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson, mtu wa huko huko Minnesota, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akiwachezesha wenzake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Walichapa nakala 1,000 tu za kwanza. Sasa unachezwa dunia nzima.

Ni sawa na "Hadithi! Hadithi!" ya bibi, ila hapa msikilizaji hakai kimya. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na shujaa wake mwenye nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba zilizoandikwa kwa namba. Msimulizi anasema: "Mmefika mlangoni pa pango, ndani kuna kitu kinapumua. Mnafanya nini?" Hapo kila mtu anajibu la kwake. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu ya pande 20. Dadu ikikutupa, umekwisha.

Sheria za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Dadu ya pande 20 ndiyo ilitushinda, maana Kariakoo nzima niliambulia za ludo. Tukakata vikaratasi, tukaviandika 1 mpaka 20, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni yenyewe iliishiwa dadu, ikawa inaweka vipande vya namba kwenye boksi ili wateja waokote. Kumbe hatukuwa washamba!

Tukawa wanne: mimi msimulizi, dogo, binti wa jirani, na yule mshikaji wa kuchaji simu. Hadithi yetu nikaiweka kwenye mapango ya Amboni kule Tanga. Shujaa wa dogo alikuwa mkimbiaji ambaye hata mshale haumpati. Nilielewa kwa nini.

"Kaka, silioni!"

Usiku wa kwanza nikawaletea jitu maarufu la mchezo huo: mwili wa dubu, kichwa cha bundi. Nikalieleza kwa mbwembwe zote. Dogo akakunja uso.

"Kaka, bundi namjua. Dubu nitamjulia wapi mie? Silioni hilo jitu. Nichoree."

Jasho likanitoka. Nikachukua kalamu, nikachora nyuma ya risiti ya dawa. Akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. "Kaka, huu si mto wa kulalia wenye mdomo?"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu huku bado anacheka. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kuna nini. Zilikuwa wiki tano hatujaisikia sauti ile ndani ya nyumba.

"Kesho leta lingine," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kuchora, msomaji wangu. Sikuwa na kipaji, nilikuwa na mtu anayesubiri.

Nikapekua asili ya lile jitu, nikapata faraja. Gygax alilipata kwenye pakiti ya vinyago rahisi vya plastiki kutoka Hong Kong, vya wanyama wasioeleweka, akavipa majina na tabia. Na michoro ya vile vijitabu vya mwaka 1974 ilikuwa ya watu wa kujifunza tu, mingine imenakiliwa kutoka vitabu vya katuni. Ikiwa wao walianzia hapo, mimi na mto wangu nani atatuzuia?

Mmoja kila siku

Nikanunua kaunta buku, penseli na raba. Nikajiwekea amri tatu: mchoro mmoja kila siku, hata wa dakika 15, kila mchoro uandikwe tarehe, ni marufuku kuchana ukurasa. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Mtu ukichora takataka mkono wenyewe unaenda kuchana. Usichane! Takataka ya Jumatatu ndiyo itakayokuonyesha Ijumaa kwamba umesogea.

Wiki mbili za kwanza nilichora mayai, makopo na maboksi. Binamu ndiye aliyenifungua macho: kila kiumbe ni yai, kopo na boksi vilivyounganishwa. Mbuzi ni kopo lililolala juu ya fito nne. Ukishaona hivyo, ng'ombe hawezi tena kuwa kabati.

Halafu vipimo. Shika kioo upime mwenyewe: macho yako yapo katikati kabisa ya kichwa. Mimi nilikuwa nayabandika kwenye paji la uso, ndiyo maana mashujaa wangu wote walifanana na samaki. Kiganja kinatosha kufunika uso kutoka kidevuni mpaka nywele zinapoanzia. Unyayo unakaribiana na urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo. Mtu mzima aliyesimama ni kama vichwa vyake saba na nusu.

Viganja vilinitesa. Nikawa najanja: kila shujaa nilimchora mikono ikiwa nyuma. Siku moja binti wa jirani akauliza, "Mbona wote wamefungwa pingu?" Nikaaibika! Wiki nzima nikachora kiganja changu cha kushoto tu, kikishika kikombe, kikishika ufunguo, kikishika hewa.

Kuna na mbinu ya Mmarekani Betty Edwards, aliyeandika kitabu chake cha kufundisha kuchora mwaka 1979: ukitaka kunakili picha, igeuze kichwa chini miguu juu. Utacheka, lakini jaribu. Ikigeuzwa, ubongo haukwambii tena "hili ni jicho, najua jicho linavyokaa". Unachora mistari unayoiona, siyo ile unayodhani unaijua.

Na siku umeme ulipokatika tukawasha mshumaa, nikaona kivuli kwa mara ya kwanza. Namaanisha kukiona kweli. Vyuma vya mguu wa dogo vilitupa mistari mirefu ukutani. Upande unaopigwa na mwanga mweupe, wa pili mweusi, katikati kijivu. Nikachora mpaka mshumaa ukaisha.

Mama naye alikuwa na mashaka. "Mnaita majini humu ndani?" Simlaumu. Huko Marekani kwenyewe miaka ya 1980 wapo wazazi na watu wa dini walioupigia kelele mchezo huu kwamba ni wa kishetani. Na sisi hapa tunajua hofu ilivyo: mwaka 1995 Popobawa aliwatoa watu Unguja na Pemba ndani ya nyumba, wakawa wanalala nje kwa makundi. Dawa niliyotumia ni kumchora Mama kama malkia wa Amboni, kitenge chake na mwiko wake ule ule. Akautazama, akasema, "Pua siyo yangu," akaenda nao chumbani. Hajaurudisha mpaka leo.

Siku niliyodanganya

Usidhani ilikuwa mteremko. Kama siku ya 40 hivi nilichoka. Nilikuwa nikiangalia kazi za wanaojua kwenye simu, nikirudi kwenye daftari langu naona aibu. Nikaacha siku tatu.

Siku hizo hizo skrubu moja ikaingia usaha. Homa ikapanda, dogo akarudishwa wodini. Usiku akanipigia kwa simu ya mgonjwa mwenzake. Sauti ilikuwa kama ya mtoto.

"Kaka, leo umechora nini?"

"Joka," nikasema. "Joka kubwa, limejizungushia mbuyu."

"Kesho uje nalo."

Nilikaa na ile simu mkononi. Yule mtoto alikuwa amelala na homa, anasubiri joka ambalo halipo. Asubuhi nikawahi hospitali kabla ya muda wa kuona wagonjwa, nikakaa kwenye benchi la nje, nikachora. Mbuyu ulitoka vizuri kuliko joka. Nikaingia. Akalishika daftari, akalitazama muda mrefu, akaniambia: "Hili umelichora leo. Wino umechafua kidole chako." Kisha akatabasamu. "Lakini ni zuri."

Toka siku hiyo sijaruka hata siku moja.

Baada ya siku tisa akatoka. Tulipokaa kucheza akanipa agizo jipya. "Mchore upya shujaa wangu. Mguu uwe na antena."

"Si alikuwa mkimbiaji?"

"Alikuwa. Sasa anatembelea gongo, lakini ndiye anayejua njia zote za pango."

Mchoro ule ulinichukua siku nne. Fito zote sita za vyuma niliziweka, na kovu, na gongo. Uso ukatoka wake kabisa. Hakusema kitu. Aliuchukua akaubandika ukutani, ule ule ukuta aliokuwa akiugeukia.

Antena ilitolewa Novemba. Anachechemea kidogo, amerudi shule, na winga wa kulia sasa ni mtoto wa mtaa wa pili. Inamuuma, hafichi. Lakini Jumamosi yeye ndiye msimulizi, na wanafunzi wenzake sita wanakuja kukaa sebuleni kumsikiliza. Mimi nimeshushwa cheo, nachora tu.

Wewe unaanzaje?

Najua wapo mnaosema, "Mimi siwezi kuchora hata duara." Nani anaweza? Pale Dar es Salaam mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa, bila kukanyaga shule ya sanaa. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Na mwaka 2009 Mmarekani Jake Parker alijiwekea zoezi la kuchora kwa wino kila siku mwezi Oktoba. Siku hizi watu wengi duniani wanaliiga.

Ushauri wangu ni mmoja: usianze na penseli, anza na mtu. Tafuta wa kumchorea, mtoto wa dada, mgonjwa, wenzako wa kijiweni wanaosubiri kuona zimwi la Jumamosi. Mtu akikusubiri, mkono haulali.

Wiki iliyopita nilikutana na mwalimu wangu wa darasa la tano kituo cha daladala. Nilikuwa na daftari. Akalifungua, akafika ukurasa wenye ng'ombe niliyemchora machinjioni. Akamtazama, akanitazama.

"Umemchora nani huyu ng'ombe?"

"Mimi mwenyewe, Mwalimu."

Nikamchania ule ukurasa nikampa. Najua nimevunja amri yangu ya tatu. Lakini huyo alikuwa na deni langu, au mimi nilikuwa na lake, sijui. Usiku ule nilichora mwingine.