Kuchagua na Kubagua: Tatizo la Istilahi za Ubaguzi katika Vipindi vya Uchumba vya Televisheni, kwa Kuangalia Watazamaji wa Meru na Embu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo moja la istilahi linalowakabili walimu wa Kiswahili wanapozungumzia ubaguzi kwa kutumia mifano ya televisheni. Vipindi tunavyovikusudia ni vile vya uchumba, ambamo watu wasiofahamiana hukutanishwa mbele ya kamera, hupimana, kisha huchaguana au hukataana, na watazamaji wakaachiwa kazi ya kuhukumu. Aghalabu hukumu hiyo huja kwa neno moja tu, nalo ni ubaguzi. Neno hilo likishatamkwa, ubishi huanza.

Fikra ya kuandika makala haya ilizaliwa sebuleni, wala si maktabani. Jioni moja, karibu na Nkubu, mwandishi alikuwa akimfasiria nyanya yake kipindi cha Kimarekani cha aina hiyo. Msichana mweusi wa pekee alikuwa ameondolewa mapema, nasi vijana tukasema kwa sauti moja kwamba amebaguliwa kwa rangi yake. Nyanya alitusikiliza, kisha akasema kwa Kimeru maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mjukuu wangu, bwana huyu ana wasichana ishirini na watano naye anataka mmoja. Hao ishirini na watatu wengine watakaorudi kwao, wao wamebaguliwa na nani? Kukataliwa si kubaguliwa." Hatukuwa na jibu. Sehemu zifuatazo ni jaribio la kulitafuta jibu hilo, na kuona ni kwa kiasi gani upungufu ulikuwa katika hoja yetu, na ni kwa kiasi gani ulikuwa katika maneno tuliyoyatumia.

2.0 Maneno manne

2.1 Tuanze na vitenzi viwili, chagua na bagua. Mkulima huchagua mbegu na hubagua mbegu; katika matumizi ya kawaida vitenzi hivi vyakaribiana sana. Tofauti ni kwamba achaguaye hukitazama kile anachokitwaa, ilhali abaguaye hukitazama kile anachokitenga. Hivyo katika kila uchaguzi mna kutenga, na mtu akitaka aweza kukiita kitendo kile kile kwa jina lo lote kati ya hayo mawili. Uovu uliomo katika nomino ubaguzi umeongezwa na historia, hasa historia ya Afrika Kusini, ambako kwa miongo mingi ubaguzi wa rangi ulikuwa ndilo jina la Kiswahili la mfumo mzima wa utawala. Katika mfumo huo hata mapenzi yalikatazwa kwa sheria: ndoa za watu wa rangi mbalimbali zilipigwa marufuku 1949, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1985.

2.2 Neno la tatu ni rangi, ambalo asili yake ni Kiajemi. Neno hili latumika kwa ngozi, kwa nguo na kwa ukuta. Lilipopewa kazi ya kubeba dhana ya makundi makuu ya wanadamu, lilibeba sehemu tu ya dhana hiyo, yaani ile inayoonekana kwa macho.

2.3 Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta neno jingine, wakalipata neno mbari. Ndipo tukapata ubaguzi wa kimbari, na baada ya 1994, kwa msiba wa Rwanda, mauaji ya kimbari yakazoeleka katika magazeti na redio. Uteuzi huo una sifa ya kuwa neno lenyewe ni la Kibantu. Lakini katika Kiswahili cha zamani cha pwani mbari ni ukoo. Na katika lugha za Mlima Kenya mbari ni watu wa uzao wa mzee mmoja, wenye shamba moja na makaburi mamoja. Mwanafunzi wa Embu akiambiwa kwamba mtu fulani amekataliwa kwa ajili ya mbari yake, haelewi kwamba amekataliwa kwa kuwa ni Mwafrika. Anaelewa kwamba watu wa kwao wana sifa mbaya. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na la pili aghalabu huhesabiwa kuwa ni busara ya wazazi.

3.0 Rangi na ukoo katika fikra ya Wameru na Waembu

3.1 Ukoo mkubwa huitwa mũhĩrĩga kwa Kikuyu, mũvĩrĩga kwa Kiembu na mwĩrĩga kwa Kimeru. Msomaji ataona jinsi h ya Kikuyu inavyolingana na v ya Kiembu, na jinsi sauti hiyo inavyotoweka katika Kimeru. Neno ni moja, na kazi yake katika uchumba ni moja: kuuliza kama ndoa yawezekana. Miongoni mwa Wameru pana pia gĩciaro, udugu uliofungwa baina ya koo, ambao huwazuia watu wa koo hizo wasioane hata kama hawana nasaba moja. Mtu akataliwaye kwa gĩciaro hakudharauliwa hata kidogo; bali amekataliwa kwa sababu ni ndugu. Kwa hiyo katika utamaduni huu kumkataa mtu kwa ajili ya kundi lake, kabla ya kumjua yeye mwenyewe, si lazima kuwe tusi. Hapana shaka swali la nyanya lilitoka katika uzoefu wa namna hii.

3.2 Jambo la pili ni rangi yenyewe. Masimulizi ya Wameru yanaeleza kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, mahali palipokuwa na maji makuu, walikotawaliwa na watu walioitwa Nguuntune, yaani nguo nyekundu. Jina la mtesi latokana na vazi lake, wala si na ngozi yake. Tena, Bernardo Bernardi, katika utafiti wake juu ya Mũgwe uliochapishwa 1959, anaeleza jinsi koo za Wameru zilivyogawanywa katika mafungu matatu, meusi, mekundu na meupe: waliovuka maji usiku, waliovuka alfajiri, na waliovuka jua likiwa limechomoza. Hapa rangi ni kumbukumbu ya saa ya kuvuka. Mtu wa fungu jeusi aweza kuwa na ngozi ya namna yo yote.

3.3 Jambo la tatu latuhusu zaidi. Mwafrika mwenye ngozi ya maji ya kunde huelezwa katika lugha hizi kwa shina -tune, yaani wekundu. Mzungu ana jina lake mbali. Kiswahili cha Kenya, kinyume chake, humwita Mzungu mweupe, na msichana wa Runyenjes mwenye ngozi angavu nao humwita mweupe. Kijana akisema katika kipindi cha televisheni kwamba apendelea "weupe", Kiswahili hakituonyeshi kama anaeleza umbo la mtu, au anafuata kipimo kilicholetwa na ukoloni ambacho kilimweka Mzungu juu na kila mtu mwingine chini yake kwa kadiri ya giza la ngozi yake. Lugha ya mama ilitenganisha, lugha ya taifa imeunganisha.

3.4 Isidhaniwe kwamba wazee wa sehemu hizi hawaujui ubaguzi wa rangi. Waliujua kama sheria na kama karatasi. Walivishwa kipande shingoni kuanzia 1920. Walizuiwa kulima kahawa, zao la walowezi, hadi miaka ya 1930 ilipoanza kujaribiwa kwa Waafrika katika Meru, Embu na Kisii chini ya masharti makali. Ubaguzi wa aina hiyo ulikuwa na afisa, muhuri na adhabu. Kwa mtu aliyeufahamu hivyo, msichana anayerudishwa nyumbani na maua mkononi hafanani na aliyebaguliwa.

4.0 Mfano wa Marekani: ni nani anayebagua?

Kipindi cha The Bachelor kilianza kuonyeshwa Marekani 2002. Mnamo 2012 wanaume wawili weusi wa Nashville waliwashtaki watengenezaji, wakidai kwamba katika miaka yote hiyo hapana mtu asiye mweupe aliyepewa nafasi ya mwenye kuchagua. Mwaka ule ule mahakama iliitupilia mbali kesi hiyo, kwa hoja kwamba kuteua washiriki ni sehemu ya uhuru wa mtunzi wa kusema atakalo. Mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika kipindi ndugu, The Bachelorette, alikuwa Rachel Lindsay mnamo 2017. Mwanamume mweusi wa kwanza katika The Bachelor, Matt James, alionekana 2021. Katika msimu huo huo mtangazaji Chris Harrison alimtetea mshiriki mmoja aliyekuwa amehudhuria sherehe ya kuigiza maisha ya mabwana wa mashamba ya watumwa. Ubishi uliofuata ulimtoa Harrison katika kipindi alichokitangaza tangu mwanzo.

Mfano huu watusaidia kumjibu nyanya. Alikuwa na haki kusema kwamba yule bwana, akiwa mmoja, alichagua tu. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Lakini sisi tulimtazama bwana, tukasahau kumtazama aliyempangia wale ishirini na watano. Kama miongoni mwao mweusi ni mmoja tu, na kama kwa miaka kumi na minane na zaidi hakuteuliwa hata mwanamume mweusi mmoja awe mwenye kuchagua, basi kutenga kulikwisha kufanyika kabla kamera hazijawashwa. Mchumba huchagua miongoni mwa walioletwa. Abaguaye ni yule aamuaye ni nani wataletwa.

5.0 Mfano wa Kenya: lafudhi

Katika vipindi vya uchumba vya Kenya, kama vile Tujuane kilichoonyeshwa na KTN mwanzoni mwa mwongo wa 2010, washiriki walikuwa Waafrika karibu wote, na kwa hiyo ingedhaniwa kwamba suala letu halipo. Lakini ubishi mkubwa uliozushwa na kipindi hicho ulihusu mwanamume aliyedharauliwa kwa usemaji wake na mwenendo wake. Kilichopimwa kilikuwa ni ulimi.

Kwa watu wa Meru na Embu jambo hili si dogo. Mmeru husema ntune mahali ambapo jirani yake Mkikuyu husema ndune. Na watu wa Mlima Kenya kwa jumla hujulikana kwa kubadilishana l na r. Tabia hizi za sauti zimekuwa mtaji wa wachekeshaji kwa miaka mingi, pamoja na ile dhana kwamba Mmeru ni mtu wa hasira. Kijana anapofungua kinywa katika kipindi, mtazamaji wa Nairobi amekwisha kucheka kabla ya kusikia alichosema. Jambo hilo tuliiteje? Si ubaguzi wa rangi. Tukiliita ukabila, twalilinganisha na fujo za uchaguzi, na wengi watakataa kwamba kicheko chaweza kuwa ukabila. Kwa kukosa jina, jambo hilo hupita kama mzaha.

Sheria nazo hazikubaliani katika namna ya kuyapanga maneno haya. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaitia rangi, asili na utaifa katika kapu moja la ukabila. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inayataja mbalimbali: asili ya kimbari, rangi, kabila, na hata lugha. Mpango wa Katiba wafaa zaidi kwa kazi yetu, maana unatambua kwamba mtu aweza kubaguliwa kwa ulimi wake pasipo rangi yake kutajwa.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu afundishaye Meru na Embu asilitumie neno mbari kwa maana mpya kabla ya kulieleza, kwani wanafunzi wake wanalo tayari kwa maana nyingine iliyo hai. Pili, ubaguzi wa lafudhi ukubaliwe kuwa istilahi kamili, sambamba na ubaguzi wa rangi na ukabila, ili jambo lenye jina liweze kujadiliwa. Tatu, kabla ya kusema kwamba mtu fulani kabagua, tuulize: Je, aliyekataliwa alisikilizwa kwanza? Sababu iliyotolewa yamhusu yeye, au yahusu kundi lake? Na kama ni kundi, je, kundi hilo latengwa kwa heshima, kama katika gĩciaro, au kwa dharau? Kisha tuulize ni nani aliyepanga safu ya kuchaguliwa.

Yawezekana kuna wenzetu watakaoona kwamba hayo ni kupasua nywele, na kwamba neno moja lenye ukali latosha. Sisi twaona kinyume. Neno ubaguzi lilinunuliwa kwa bei kubwa, na wazee waliovaa kipande bado wana haki nalo. Tukilitupa juu ya kila posa iliyokataliwa, litachakaa. Na siku tutakapolihitaji kwa kijana wa Maua au wa Siakago anayechekwa kwa sauti aliyopewa na mama yake, tutalikuta butu. Nyanya alisema kweli kwamba kukataliwa si kubaguliwa. Yatupasa sisi walimu wa lugha tuongeze upande wa pili wa kauli yake: si kila kubaguliwa huonekana kama kukataliwa. Kuna wasiokataliwa kamwe, kwa sababu hawakuitwa.