Hauna Shamba Oyugis? Chanuka Venye Unaeza Pika Udongo Hai kwa Ndoo na Ukule Managu Yako

Kama umekodi keja Oyugis, hii stori unaijua poa. Asubuhi unapita soko, viazi vitamu vimejaa kwa lori zinangoja kuelekea Nairobi, akina mathe wamepanga mboga hadi kando ya barabara ya Kisii. Jioni unarudi kejani na fungu moja la sukuma. Ikifika Januari jua likiwaka, hilo fungu linapungua na bei inapanda. Unaishi katikati ya chakula, lakini kila jani unakula ni la kununua.

Pengine ushajaribu kupanda. Ulichota udongo mwekundu nyuma ya ploti, ukajaza ndoo, ukamwaga mbegu. Wiki ya tatu udongo ukawa ngumu ka tofali, majani yakageuka njano, ukaamua wewe hauna mkono wa kulima. Zii! Mkono wako uko sawa. Huo udongo ndio ulikuwa umekufa.

Udongo hai ni gani sasa?

Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye afya kinaweza kubeba bakteria wengi kuliko watu wote wa Kenya. Ongeza hapo kuvu, minyoo na wadudu wadogo ambao macho hayaoni. Hao ndio wapishi. Wanakula majani yaliyooza na samadi, halafu wanaachilia chakula pole pole kwa mizizi. Pia wanashikanisha udongo uwe wa punje punje, ndio maji yapite na hewa iingie.

Mbolea ya dukani inalisha mmea moja kwa moja. Udongo hai unalisha wapishi kwanza, wao wanalisha mmea. Na ukikumbuka 2022 gunia la kilo 50 la DAP lilipita shilingi 6,000, halafu 2024 nchi ikashtuka kusikia wakulima wameuziwa mbolea feki kwa mpango wa ruzuku, utaona faida ya kujua chenye kiko ndani ya ndoo yako.

Hii maneno ya kulima bila shamba si ndoto pia. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, shirika la Solidarités International lilisaidia watu wa Kibera na Mathare kupanda mboga kwa magunia. Kama Kibera iliwezekana, ploti yako Oyugis haina kisingizio.

Hatua ya 1: Pika mboji

Hapa ndio kazi iko. Unahitaji vitu vya aina mbili.

Vikavu: majani makavu, maganda ya karanga (na Homa Bay karanga haikosi), mabua ya mahindi yaliyokatwa katwa, katoni isiyo na rangi.

Vibichi: maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya sukuma, samadi ya ng'ombe ama ya kuku. Usisahau titonia, ule mmea wa maua ya njano machungu umejaa kwa ua na kando ya barabara. Wengi huiona ka kwekwe tu, lakini watafiti wamefanya kazi nayo miaka mingi huku magharibi mwa Kenya kwa sababu majani yake yamejaa naitrojeni na potasiamu, na yanaoza haraka.

Panga tabaka: vikavu mara mbili ama tatu, vibichi mara moja. Nyunyiza maji. Shika konzi moja ukamue: matone mawili yakitoka, iko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Ikiwa kavu, ongeza maji. Pindua kila wiki ndio hewa iingie. Ikianza kunuka ka yai bovu, imekosa hewa, so pindua na uongeze vikavu.

Ukiwa na nafasi ya rundo la mita moja kila upande, litapata moto sana hadi liue mbegu za kwekwe. Ukitumia gunia, halitashika moto hivyo, so usitie kwekwe zenye mbegu na ungoje zaidi, kama miezi mitatu ama minne. Mboji iko tayari ikiwa imepoa, ni nyeusi, na inanukia ka ardhi mvua ikianza kunyesha.

Onyo: mifupa ya samaki na vumbi la omena ni chakula tamu kwa udongo, lakini pia kwa panya na paka wa jirani. Zika katikati kabisa ama uache.

Hatua ya 2: Changanya

Tumia ndoo moja ka kipimo:

- Ndoo 2 za udongo wa kawaida
- Ndoo 2 za mboji
- Ndoo 1 ya vitu vya kuleta hewa: mchanga wa mto wenye punje kubwa, maganda ya karanga yaliyoanza kuoza, na vipande vidogo vya makaa
- Nusu ndoo ya samadi ya kuku iliyooza kabisa
- Konzi mbili za majivu, basi

Samadi mbichi ya kuku inachoma mizizi, na inaweza kubeba vijidudu vya kukuumiza tumbo. Majivu nayo ukizidisha, udongo unapoteza uchachu na mmea unashindwa kupata chakula fulani.

Makaa yana siri yake. Ukiyatia makavu, yatafyonza chakula yaweke kwake kwanza. Yaponde yawe ka punje za mahindi, uyaloweke wiki mbili kwa maji yenye samadi. Hapo yanaingia kwa ndoo yakiwa yameshiba, na wapishi wanapata nyumba ya kukaa.

Ukishachanganya, lowesha kidogo, funika na gunia, uache wiki mbili hadi nne. Najua una haraka, lakini ukipanda siku hiyo hiyo, miche inaweza kuungua.

Hatua ya 3: Chagua chombo

Ndoo ya lita 20 ya mafuta ya kupikia iko fiti. Toboa matundu sita hadi nane chini, kila moja ukubwa wa kidole kidogo. Bila matundu, mizizi itazama na kuoza. Usiwahi tumia mtungi uliobeba dawa ya shamba, hata ka umeosha mara kumi. Sumu haina mchezo.

Na usianze kutafuta juala. Hizo zilipigwa marufuku Agosti 28, 2017. Gunia linatosha. Chukua gorogoro kuukuu, toa tako lake, usimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe, kisha uweke udongo pande zote. Vuta gorogoro juu kidogo kidogo ukiendelea kujaza. Mwisho unabaki na nguzo ya mawe katikati, na maji yanashuka hadi chini. Toboa matundu kando ya gunia upande miche hapo pia.

Hatua ya 4: Panda

Managu, ama osuga ka tunavyoita huku, inakubali kuhamishwa. Mbegu ni ndogo sana, so changanya na mchanga mkavu kabla ya kumwaga. Miche ikifika wiki tatu ama nne, hamisha jioni jua likiwa limepoa. Saga, yaani dek, haipendi kuhamishwa kwa sababu ya mzizi wake mrefu. Hiyo panda moja kwa moja kwa chombo chake. Nyanya ni moja kwa ndoo, usiwe mchoyo wa nafasi.

Halafu funika udongo na nyasi kavu unene wa vidole vitatu. Jua la huku likipiga udongo uchi, wapishi wanakufa na maji yanaisha. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Ukihisi unyevu, wacha. Chombo hukauka haraka kuliko shamba, lakini wengi wanaua mimea na maji mengi.

Hatua ya 5: Rudishia

Kila unapochuma, unatoa chakula kwa ndoo. So kila mwezi ongeza konzi kadhaa za mboji juu. Ukitaka kuongeza nguvu, katakata titonia, jaza nusu ndoo, ongeza maji, funika, ukoroge kila siku chache. Baada ya wiki mbili chuja, uongeze maji hadi ikae rangi ya chai nyepesi. Mwaga kwa udongo, si kwa majani ya kula. Harufu yake ni kali ajab, so weka mbali na dirisha la jirani ka hutaki kesi kwa mwenye ploti.

Mmea ukiisha, usiung'oe. Kata shina juu ya udongo, mizizi iozee ndani iwe chakula cha wapishi. Ongeza mboji, panda tena. Udongo wa dukani huchoka, huu wako unazidi kunenepa kila msimu.

Anza lini?

Mvua ndefu huku huanza karibu Machi. Ukianza kukusanya maganda mwezi wa kumi na moja, mboji itakuwa imeiva mvua ikigonga mabati. Na ukianza mapema kuliko hapo, ile Januari kila mtu analia na bei ya mboga, wewe unatoka mlangoni na kisu, unachuma, unarudi kwa sufuria.

Usianze na ndoo kumi. Anza na moja. Leo usiku ukimenya viazi, usitupe maganda. Hapo ndio shamba lako linaanzia.