Dawa za Kichina na Mwanamke Aliyetibiwa Saratani ya Matiti

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha sikia habari za dawa za Kichina. Hapa Arusha huuzwa madukani, na tena huletwa majumbani na wachuuzi wenye vijikaratasi vinavyoahidi kuponya kila ugonjwa, kuanzia mgongo hadi saratani. Nimeonelea niandike juu ya dawa hizo na watu wa namna moja tu, yaani wanawake waliokwisha tibiwa saratani ya matiti. Hao si wachache. Katika Tanzania, miongoni mwa saratani za wanawake, hii ni ya pili baada ya ile ya mlango wa kizazi. Mwalimu wetu wa Bayolojia alinisaidia kutafuta habari, nami namshukuru.

Yafaa kwanza kueleza hali ya mwanamke huyo. Operesheni huondoa uvimbe unaoonekana, lakini chembe chache zaweza kubaki mwilini kwa miaka bila kujulikana. Saratani nyingi za matiti hulishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni. Chembe ya saratani ina kitu mfano wa tundu la kufuli, na homoni ndiyo ufunguo. Dawa iitwayo tamoksifeni huliziba tundu hilo, ufunguo ukakosa pa kuingia. Kwa sababu hiyo mwenye saratani ya namna hii huambiwa ameze kidonge kila siku kwa miaka 5, na pengine hata 10, ijapokuwa hajisikii mgonjwa. Hapo ndipo penye hatari. Mtu asiyeumwa huona taabu kumeza dawa, hasa dawa yenyewe ikimletea joto la ghafla usiku na kumnyima usingizi. Akipita mchuuzi mwenye maneno matamu, hupata msikilizaji.

Mama mdogo wangu, akaaye upande wa Tengeru, ni mmoja wao. Wakati wa likizo alinionyesha kopo la vidonge vya majani akaniambia, "Mwanangu, wewe uliyesoma, nisomee hapa wameandika nini." Kopo zima lilikuwa na maandishi ya Kichina. Aliyemwuzia alikuwa amemwambia ya kwamba akianza hivyo, vile vya hospitali aviache. Nilimwomba asiache kitu wala asianze kitu mpaka tuulize. Siku ya kliniki alikwenda na kopo lake. Daktari hakumcheka wala kumkemea. Alimwambia kwamba naye hawezi kujua kilichomo ndani, na kwa sababu hiyo vidonge hivyo visimezwe, bali tamoksifeni iendelee.

Watu huzitaja dawa za Kichina kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vingi: kuna mizizi na majani, kuna sindano, kuna mazoezi ya mwili na ya kupumua, na kuna chakula. Kila kimoja chapasa kupimwa peke yake.

Majani si ya kudharauliwa hata kidogo. Mwanzoni mwa karne hii wakulima wa Arusha na Kilimanjaro walilima mmea uitwao artemisia, ambao hutoa dawa ya malaria tunayoimeza sote. Mmea huo ni wa dawa za kale za China. Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou wa Beijing alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, aliona ya kuwa majani hayo hulowekwa katika maji na kukamuliwa, wala hayachemshwi. Akatambua kwamba moto mwingi huiharibu dawa. Mwaka 1971 walipoitoa kwa joto dogo ilifanya kazi. Wakaijaribu kwa panya na nyani, kisha wakaimeza wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo asemaye kwamba dawa ya Kichina haina kitu hajui asemalo. Lakini yule mchuuzi wa kopo hawezi kujitetea kwa jina la Bibi Tu, maana kopo lake halikupita njia hiyo.

Tazameni na upande wa pili. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, huko Ubelgiji, walitangaza habari ya wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene vyenye majani ya Kichina. Figo zao ziliharibika. Mimea miwili ina majina yanayokaribiana sana kwa Kichina, na mahali pa stefania ilikuwa imetiwa aristolokia, ambayo ni sumu. Hesabu ya walioumia ikafikia watu wapatao 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Kwa aliyeugua titi kuna jambo jingine la kuogopa. Mzizi uitwao danggui hupendwa sana na Wachina kwa magonjwa ya kike, lakini katika maabara umeonekana kuchochea kukua kwa chembe za saratani ya matiti za namna fulani. Kumeza mzizi huo pamoja na tamoksifeni ni kama kufunga mlango wa mbele na kuacha dirisha wazi.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Wachina peke yao. Mkoa wetu wenyewe uliona mwaka 2011 maelfu ya watu wakienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kilometa nyingi, na walikuwamo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali. Uchungu wa kuacha dawa ni ule ule, kikombe kiwe cha mganga wa hapa au kopo liwe limetoka ng'ambo. Tangu mwaka 2002 tunayo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na lipo Baraza la kuwasajili waganga. Ni haki ya mnunuzi kuuliza cheti.

Juu ya sindano nitasema machache. Mwaka 2018 huko Marekani ilitangazwa habari ya majaribio kwa wanawake 226 walioumwa viungo kwa sababu ya dawa nyingine za kuzuia homoni. Waliochomwa sindano za Kichina walipata nafuu zaidi kuliko waliochomwa za kuigiza, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Sindano hizo hutuliza maumivu. Saratani yenyewe haziigusi.

Kwa maoni yangu, sehemu ya tiba ya Kichina iliyo bora kwa mwanamke huyu haiuzwi katika kopo. Ni mazoezi yaitwayo taichi, ya kusogeza mikono na miguu polepole huku mtu akipumua kwa utulivu. Mwaka 2017 huko Marekani wanawake 90 waliotibiwa saratani ya matiti, wenye kukosa usingizi, waligawanywa: wengine wakafundishwa taichi, wengine wakapewa mashauri ya wataalamu wa usingizi. Taichi haikushindwa. Madaktari husema mtu afanye mazoezi dakika 150 kwa juma, na kutembea kwa haraka kwatosha. Nilipomweleza mama mdogo alicheka, akauliza, "Na jembe je, si mazoezi?" Jembe ni mazoezi, lakini halishikwi mwaka mzima, na njia za mteremko wa Meru zipo kila siku.

Yeye aliogopa zaidi mkono wake, kwa kuwa alitolewa tezi za kwapani, na mkono wa namna hiyo huweza kuvimba. Jirani walimwambia asinyanyue kitu tena maishani. Mwaka 2009 ilitangazwa habari ya wanawake 141 wenye mikono iliyokwisha vimba, huko Marekani. Walionyanyua vyuma, wakianza na vyepesi na kuongeza kidogo kidogo chini ya mwalimu, hawakuvimba zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo ndoo ya maji haikukatazwa milele. Huanzwa na jagi, mkono ukitazamwa.

Kuhusu chakula, wengi huogopa soya kwa sababu ina kitu kinachofanana na homoni ya kike. Mjini Shanghai walifuatwa wanawake 5,042 waliotibiwa saratani ya matiti, na mwaka 2009 ikaonekana kwamba waliokula soya kwa wingi walikufa wachache zaidi, na wachache zaidi walirudiwa na ugonjwa. Hilo halithibitishi kwamba soya ni dawa, lakini latosha kumwondolea mtu hofu ya uji wa lishe. Soya ya vidonge ni jambo jingine. Mnafu, maharage na ndizi za hapa ni vyakula vyema, na unene uangaliwe. Pombe, hata kidogo, huongeza hatari ya saratani ya matiti, na mbege ni pombe, ijapokuwa wazee wetu huiita chakula.