ORODHA YA VITABU YENYE MAELEZO: KILA KITABU NI SHAHIDI

Katika kambi na mitaa ya Kampala zimo nyumba nyingi zenye kijana anayesoma Makerere au katika chuo kinginecho. Haupiti muda kabla mwalimu hajamtaka aandike orodha ya vitabu yenye maelezo. Wengi hudhani kwamba ni kazi ya kunakili majina tu. Sivyo.

Askari polisi ajua kuwa majina ya mashahidi peke yake hayathibitishi kesi. Hapana budi ijulikane shahidi ni nani, alikuwa wapi, aliona nini, na kama ana sababu ya kupendelea upande mmoja. Vitabu navyo huhojiwa vivyo hivyo.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi anayechunguza historia ya jeshi nchini Uganda. H. Moyse-Bartlett, afisa wa Kiingereza, alitoa historia ya jeshi la Keya mwaka 1956. Ali Mazrui, aliyefundisha Makerere, alitoa "Soldiers and Kinsmen in Uganda" mwaka 1975. Henry Kyemba, waziri wa Idi Amin aliyeikimbia nchi mwaka 1977, alitoa "State of Blood" mwaka huo huo. Mmoja ni afisa, wa pili mwanachuoni, wa tatu alikuwa ndani ya serikali yenyewe. Kila mmoja aliona jambo, na kila mmoja ana mahali ambapo jicho lake halikufika.

Kazi huendeshwa hivi. Kwanza, kitabu kisomwe: dibaji, yaliyomo, kisha sura zinazohusika. Pili, yaandikwe jina la mwandishi, jina la kitabu, mahali kilipochapwa, mchapishaji na mwaka. Tatu, chini yake yafuate maelezo mafupi: kitabu chasema nini, nguvu yake ni ipi, upungufu wake ni upi, na kitatumika wapi. Mwisho, vitabu vipangwe kwa alfabeti ya majina ya waandishi, kwa mtindo alioagiza mwalimu.

Mfano ni huu:

Moyse-Bartlett, H. "The King's African Rifles". Aldershot: Gale and Polden, 1956. Mwandishi aeleza historia ya majeshi ya Afrika Mashariki na ya Kati toka 1890 hadi 1945. Chafaa sana kwa mpangilio wa vikosi na vita. Lakini hutazama mambo kwa jicho la maofisa, na sauti ya askari Mwafrika ni haba. Kitatumika katika sura ya kwanza.

Kunakili maneno ya nyuma ya jalada ni wizi, na kutaja kitabu kisichosomwa ni ushahidi wa uongo. Tena historia ya jeshi hugusa nyumba zenye wajane na mayatima. Mwanafunzi anayetegemea kitabu kimoja aweza kuwahukumu wazazi wa wenziwe kwa neno la mtu mmoja.

Wazazi waweza kusaidia hata kama hawakusoma vitabu hivyo. Kijana apewe meza, taa na saa mbili za utulivu kila jioni, kisha aulizwe: "Huyu aliyeandika, alijuaje?" Akiweza kujibu, maelezo yake yamekwisha kupatikana. Na daftari lifunguliwe siku ya kitabu cha kwanza, si usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.