Mzigo Mwepesi Uliopita Juu ya Ziwa

Barua ya wiki hii imetoka Igalula, mkoani Tabora. Mwandishi wake asema usiku wanawe huona "nyota" zikitembea kimya kutoka magharibi kwenda mashariki, nao humwuliza zimebeba nini.

Setilaiti ni nyingi na kazi zake ni mbalimbali. Nitaeleza moja tu, ambayo kwa karibu miaka 17 ilipita kaskazini ya Igalula, juu ya Ziwa Viktoria, ikaenda kupakua mzigo wake Malindi. Iliitwa AGILE, darubini ya Waitalia ya kutazamia miale ya gama.

Miale hii ni ndugu wa mwanga na wa eksirei, ila ina nguvu kuliko hao wote. Hutoka mahali penye vurugu kubwa, kama vile kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka. Angahewa huizuia isitufikie, na hiyo ndiyo salama yetu, lakini anayetaka kuiona hana budi kupanda juu. Tena haikusanywi kwa kioo wala lenzi, maana hupenya. Ndani ya AGILE yalipangwa matabaka membamba ya tungsteni na silikoni, moja juu ya jingine kama chapati. Mwale ukigonga tungsteni huweza kugeuka elektroni na pacha wake positroni, na silikoni huandika nyayo zao. Kwa nyayo hizo wataalamu hujua mwale ulitoka upande gani.

Chombo kizima kilikuwa na kilo 350 hivi. Wapagazi wa zamani wa njia ya Bagamoyo na Tabora, kila mmoja na kilo zake 30, wangekibeba watu kumi na wawili. Darubini ya Fermi ya Wamarekani, iliyorushwa mwaka 2008, ina zaidi ya kilo 4,000.

Sasa kidogo hicho kilifaa nini? Kilirushwa kutoka India tarehe 23 Aprili 2007, kikazunguka karibu kabisa na ikweta, kimo cha kilomita 550 hivi. Huko chembe zenye umeme zinazovuruga vipimo ni chache. Na kila mzunguko kilipita Malindi, mara 14 hivi kwa siku. Msafara wa miguu ulichukua miezi. Chombo hiki kilitoka ziwani hadi pwani kwa dakika mbili. Pwani hiyo si ngeni kwa kazi hii: mwaka 1972 darubini nyingine ya gama, SAS-2, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni.

Mwaka 2009 gurudumu la kuielekeza AGILE liliharibika. Wenyewe wakaiacha ijizungushe kama pia, ikafagia sehemu kubwa ya anga. Mwaka uliofuata ikaona Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo mlipuko wake Wachina waliuona mwaka 1054, ikiwaka ghafla kwa siku chache. Wataalamu walikuwa wakiitumia nebula hiyo kusahihishia vyombo vyao. Fikiri mwenye duka akigundua jiwe la mizani yake linabadilika uzito!

Mavuno hayo yalishuka Malindi, yakapelekwa Italia kusomwa. Yamewekwa wazi kwa yeyote, hata mwanafunzi wa Tabora, ila ni wangapi wameambiwa?

AGILE iliundwa kwa miaka miwili. Iliporomoka ndani ya angahewa Februari 2024, kwa hiyo wale watoto wa Igalula wanaona nyingine.