Kaseti Zilivyoiponza Nintendo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, licha ya ushindani wa Sega, Nintendo ya Japani ndiyo iliyokuwa mbabe wa soko la mashine za michezo ya video. Watunzi wa michezo walifuata masharti yake: kaseti ilizitengeneza yenyewe, nao wakazilipia kabla hazijauzwa dukani.

Sony wakati huo ilikuwa mshirika tu, ikiiandalia Nintendo kifaa cha kusomea CD. Juni 1991, huko Chicago, siku moja baada ya Sony kuutangaza mpango huo, Nintendo ilijitokeza na kusema itashirikiana na Philips. Ilikuwa fedheha ya hadharani, tena isiyo ya lazima. Sony ikaunda mashine yake yenyewe, PlayStation, iliyoingia sokoni Japani Desemba 1994.

Nintendo 64 ilikuja mwaka 1996, bado ikitumia kaseti. Kaseti zilikuwa na faida: mchezo ulifunguka papo hapo, na kuzinakili kulikuwa kugumu. Lakini kubwa kabisa ilibeba megabaiti 64, ilhali CD moja ilibeba zaidi ya 600 kwa gharama ndogo mno. Mchezo wa Final Fantasy VII ulichukua CD tatu; Square, mshirika wa Nintendo wa miaka mingi, ikaupeleka kwa Sony, ukatoka mwaka 1997.

Mario, mhusika maarufu wa michezo ya Nintendo, aliendelea kupendwa, ila peke yake hakuweza kujaza rafu za duka. PlayStation ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Nintendo 64 hazikufika milioni 33.